William Shockley, bosi aliyekimbiwa

Chaja unayochomeka hapo hosteli ina swichi ndani yake inayojiwasha na kujizima maelfu ya mara kwa sekunde, bila kidole cha mtu. Hiyo ni transista. Wengi tunaijua kwa kukuza sauti ya redio, ila kwenye saketi za umeme mkubwa kazi yake ni kuwaka au kuzima, basi. Ikizima haipitishi mkondo. Ikiwaka, mkondo unapita na volti inayobaki kwenye ncha zake ni ndogo. Kote kuwili joto ni kidogo. Ikiganda katikati, inachemka hadi inaungua.

William Shockley alizaliwa London mwaka 1910, akakulia California. Desemba 1947 alikuwa kiongozi wa kikundi kwenye maabara za Bell, New Jersey, pale John Bardeen na Walter Brattain walipofanikisha transista ya kwanza. Hati ya uvumbuzi haikuwa na jina la bosi, na ilimuuma. Siku za mwaka mpya akajifungia hotelini Chicago, akaanza kubuni transista ya tabaka tatu zilizoshikana, imara kuliko ile ya wenzake. Hapo nampa heko, hasira yake ilizaa kitu.

Mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka huohuo Shockley alikuwa na kampuni yake Mountain View, akakusanya vijana vichwa kwelikweli. Kuishi nao ndiko kulikomshinda. Aliwashuku, hadi akataka wapimwe na mashine ya kunasa uongo. Wao walitaka kutengeneza transista za silikoni, yeye aking'ang'ania swichi yake ya tabaka nne. Mwaka 1957 wanane wakaondoka kwa mpigo, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Na jamani, tabaka nne halikuwa wazo baya: thairista zinazodhibiti umeme mkubwa hadi leo zina tabaka hizohizo.

Baadaye, akiwa profesa Stanford, alianza kuhubiri kwamba watu weusi wamezaliwa na akili pungufu. Hakuwa mtaalamu wa jenetiki, na wanasayansi wengi walimpinga. Mimi nasomea ualimu wa fizikia. Nikienda mazoezi ya kufundisha, nitachora transista yake ubaoni mbele ya watoto ambao yeye angewafelisha kabla hawajashika kalamu.

Alifariki Agosti 1989. Inasemekana watoto wake walizipata habari hizo magazetini.