Michel Rwagasana: Aliyeuawa na serikali ya ndugu yake

REMERA, Kigali

Kila Februari 1, viongozi wa Rwanda huweka mashada ya maua kwenye makaburi ya mashujaa hapa Remera, karibu na Uwanja wa Amahoro. Wageni kutoka nchi jirani wanalijua jina la Fred Rwigema, aliyezikwa hapo, na wengi wanamkumbuka Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa Aprili 7, 1994. Michel Rwagasana, anayeenziwa siku hiyohiyo katika daraja la Imena, hatajwi sana nje ya mipaka ya Rwanda. Hata hivyo, maisha yake yanaeleza jinsi udugu unavyoweza kuvunjwa kwa neno moja.

Rwagasana alizaliwa mwaka 1927 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ruhango. Alisoma Astrida, mji ulioitwa Butare baadaye, katika shule iliyowaandaa vijana kuwa makarani na watawala wa Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Alifanya kazi serikalini, kisha akawa katibu wa Mfalme Mutara III Rudahigwa, kazi iliyomkutanisha na siri za ikulu na madai ya uhuru.

Mfalme alifariki ghafla mjini Usumbura Julai 25, 1959. Wiki chache baadaye kilianzishwa chama cha UNAR, kilichodai uhuru wa haraka chini ya ufalme, na Rwagasana akawa katibu mkuu wake. Upande wa pili ulisimama Parmehutu, chama kilichojenga siasa yake juu ya ukabila. Kiongozi wake, Grégoire Kayibanda, alikuwa ndugu wa ukoo wa Rwagasana.

Kwa kijana msomi mwenye ndugu anayepanda ngazi, njia ya mkato ilikuwa wazi: kuhamia upande wa ndugu na kula naye. Rwagasana hakuifuata. Katika uchaguzi wa Septemba 1961 Parmehutu ilipata viti 35 kati ya 44, UNAR ikaambulia 7. Rwanda ilipopata uhuru Julai 1, 1962, Kayibanda alikuwa rais. Maelfu walikuwa wamekimbilia Uganda, Tanganyika, Burundi na Kongo, lakini Rwagasana na wenzake walibaki nyumbani kufanya upinzani wa kisheria. Chama chao hata kilipewa nafasi katika baraza la mawaziri.

Wakati huohuo wapiganaji wakimbizi walikuwa wakishambulia kutoka nje, na jina lao lilikuwa inyenzi, yaani mende. Asili yake inabishaniwa. Wapo wanaosema wapiganaji wenyewe walijiita hivyo. Lisilobishaniwa ni kwamba neno hilo halikubaki msituni. Lilianza kumfuata kila Mtutsi, hata aliyekuwa ofisini akitimiza kazi ya taifa.

Mwaka 1915 Franz Kafka, mwandishi wa Prague aliyeandika kwa Kijerumani, alichapisha hadithi ya Gregor Samsa, mchuuzi anayehangaika safarini kulipa deni la wazazi wake na kulisha nyumba nzima. Asubuhi moja anaamka akiwa mdudu mkubwa. Dada yake anamhudumia kwa muda, baba anamjeruhi kwa kumtupia tofaa, na mwishowe dada huyohuyo anasema kiumbe hicho si kaka yake tena. Samsa anapokufa, familia inashusha pumzi na kwenda matembezini. Jasho lake lote limesahauliwa.

Samsa aligeuka kwanza, ndipo akakataliwa. Rwagasana hakugeuka kitu. Alibaki mtu yuleyule, mume na baba wa watoto, na mabadiliko yote yakafanyika katika macho ya waliomtazama.

Desemba 21, 1963 wapiganaji kutoka Burundi waliingia Bugesera, wakaivamia kambi ya Gako na kufika daraja la Kanzenze, takriban kilomita 20 kutoka Kigali, kabla ya kurudishwa nyuma. Serikali haikutofautisha wa nje na wa ndani. Viongozi wapatao 20 wa UNAR na RADER walikamatwa, wakapelekwa Ruhengeri na kuuawa bila kesi, Rwagasana akiwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 36. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa ndugu yake. Katika wiki zilizofuata maelfu ya Watutsi waliuawa, hasa Gikongoro.

Kayibanda naye alipinduliwa Julai 5, 1973 na waziri wake wa ulinzi, Juvénal Habyarimana, na kufa kizuizini mwaka 1976. Neno inyenzi liliishi kuliko wote wawili. Mwaka 1994 redio ya RTLM ililirudia kila siku, na majirani wakawaua majirani, wengine wakawasaliti hata wakwe na wapwa zao.

Leo Rwanda imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na neno mende linaeleweka kuanzia Bukavu hadi Mombasa. Katika kila nchi ya ukanda huu kuna msimu wa uchaguzi, na kila msimu huja na majina ya wadudu, nyoka na magugu wanayopewa wapinzani. Rwagasana anakumbusha kwamba undugu wa damu haukinzi risasi pale jina la namna hiyo linapokwisha kuzoeleka masikioni. Kulikataa mapema, likiwa bado mzaha wa jukwaani, ni rahisi kuliko kuzika baadaye.