Harold Black, mtu aliyepunguza nguvu ya amplifaya ili sauti itoke safi

Fungua amplifaya ya kwaya kwenye meza ya fundi pale Sumbawanga. Utakuta transista zimepangwa hatua kwa hatua, moja inakuza na kuipokeza nyingine. Mara nyingi kuna pia rizista ndogo inayorudisha sehemu ya sauti kutoka mwisho hadi mwanzo. Ujanja huo ni wa Mmarekani Harold Black.

Alizaliwa 1898 mjini Leominster, Massachusetts. Mwaka 1921 aliajiriwa na Western Electric, akakuta tatizo la simu za mbali. Sauti hufifia kwenye waya, kwa hiyo njiani ziliwekwa amplifaya nyingi, wakati huo za taa maana transista haikuwepo. Kila moja iliongeza mkwaruzo wake. Ni kama habari itoke Sumbawanga, ipite Laela mpaka Tunduma, na kila anayeipokea aiharibu kidogo.

Black alihangaika miaka sita. Asubuhi ya 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson akielekea kazini New York, jibu likamjia. Akalichora hapo hapo kwenye ukurasa wa gazeti: chukua sehemu ya kinachotoka, ipindue, ichanganye na kinachoingia. Mkwaruzo unapungua sana.

Gharama yake ni nguvu. Amplifaya ya kukuza mara 1,000 inabaki na mara 100, ila upana wa masafa inayoyamudu unaongezeka kama mara 10. Kutupa nguvu iliyopatikana kwa shida! Si ajabu wengi walimwona kachanganyikiwa.

Basi si unaongeza hatua tu? Hapo kuna mtego. Hatua mbili zinazofanana zikifuatana, upana unashuka hadi kama asilimia 64 ya ule wa hatua moja. Zikizidi, sauti inayorudishwa inachelewa na mtambo unapiga mluzi. Mwenzake kazini, Harry Nyquist, ndiye aliyeeleza mwaka 1932 mluzi huo unatokea lini.

Ofisi ya hataza ya Uingereza ililichukulia ombi la Black kama la mashine ya kujiendesha milele. Marekani aliomba 1928, akapewa 21 Desemba 1937. Alifariki Desemba 1983 akiwa na miaka 85, wakati huo redio za transista zimeshazoeleka hadi vijijini Ufipa.