Padri Cottolengo: Aliyewafungulia mlango waliokataliwa na hospitali

USIKU wa Septemba 2, 1827, padri mmoja mjini Torino, Italia ya kaskazini, aliitwa haraka kwenda kumpa huduma za mwisho mwanamke aliyekuwa akifariki katika malazi ya wasafiri maskini. Mwanamke huyo, Giovanna Gonnet, alikuwa Mfaransa aliyekuwa safarini na mumewe pamoja na watoto wao, wakitoka Milano kurejea kwao upande wa Lyon. Alikuwa mjamzito na homa ilikuwa imempanda.

Haikuwa kwamba mji ule haukuwa na hospitali. Familia ile ilibisha hodi hospitalini, lakini mgonjwa akakataliwa kwa sababu ni mjamzito. Walipokwenda kwenye nyumba ya wazazi, akakataliwa kwa sababu ana homa. Kila mlango ulikuwa na kanuni yake, na kila kanuni ilikuwa na maelezo yake. Mama yule akafia pale, mbele ya mumewe na wanawe waliokuwa wakilia, na kichanga chake hakikuishi zaidi ya muda wa kubatizwa.

Padri aliyeyashuhudia hayo ni Giuseppe Benedetto Cottolengo. Alirudi kanisani akiwa amefadhaika, akapiga magoti mbele ya altare. Alipoinuka, alikuwa ameamua jambo ambalo lingebadili maisha yake yaliyosalia, na maisha ya maelfu ya watu wenye ulemavu ambao hadi wakati huo hawakuwa na wa kuwapokea.

Cottolengo alizaliwa Mei 3, 1786 katika mji mdogo wa Bra, mkoa wa Piemonte, akiwa mtoto wa kwanza kati ya 12. Alipata daraja la upadri mwaka 1811, wakati majeshi ya Napoleon yakiitawala nchi hiyo. Baadaye alipata shahada ya udaktari wa teolojia mjini Torino, na mwaka 1818 akawa kanoni wa Kanisa la Corpus Domini, katikati ya mji huo.

Kwa macho ya watu, alikuwa amefika. Alikuwa na cheo, kipato cha uhakika, na waumini waliompenda kwa ukarimu wake kwa maskini. Hata hivyo, ndani ya nafsi yake hakuwa na utulivu. Alipokaribia umri wa miaka 40 alijiona kama mtu asiyejua aliitiwa nini. Alikuwa akiusoma wasifu wa Mtakatifu Vincenti wa Paulo, mtume wa maskini wa Ufaransa, hapo ndipo kifo cha Giovanna Gonnet kilipompa jibu.

Januari 17, 1828 alifungua makao yake ya kwanza katika vyumba vichache alivyopanga kwenye nyumba iliyoitwa Volta Rossa, mkabala na kanisa lake. Vitanda vilikuwa vinne. Daktari na mfamasia walijitolea, na wanawake wa parokia, wakiongozwa na mjane Marianna Nasi, wakawa wauguzi. Kutokana na kundi hilo la wanawake walizaliwa masista wa shirika lake. Sharti la kupokelewa lilikuwa kinyume cha lile la hospitali nyingine: alipewa kitanda yule ambaye kwingine amekosa.

Haikuchukua muda vitanda vikaongezeka, na malalamiko ya majirani nayo yakaongezeka. Mwaka 1831 hofu ya kipindupindu ilipoenea Ulaya, serikali iliamuru makao hayo yafungwe, kwa kuwa kuwarundika wagonjwa katikati ya mji kulionekana kuwa hatari. Wengi walidhani kazi ya kanoni yule imekwisha. Yeye aliwakumbusha jambo ambalo kila mkulima wa kwao Bra alilijua, kwamba kabichi haistawi mpaka ihamishwe kutoka kitaluni.

Aprili 27, 1832 aliondoka mjini na masista wachache, mgonjwa wa saratani akiwa juu ya mkokoteni uliovutwa na punda, wakaelekea Valdocco, kitongoji maskini nje kidogo ya mji. Hapo ndipo ilipoanza Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu. Jina hilo lilibaki vilevile hata majengo yalipozidi kuongezeka na kuwa kama mji ndani ya mji. Agosti 1833 Mfalme Carlo Alberto aliitambua rasmi.

Huko Valdocco ndiko Cottolengo alipofanya jambo lililomtofautisha na wafadhili wengine wa zama zake. Hakuwapanga watu wake katika wodi, bali katika alizoziita familia. Palikuwa na familia ya viziwi, familia ya wenye kifafa, familia ya yatima, familia ya wazee na ya walemavu wa viungo. Kila familia ilikuwa na nyumba yake na walezi wake, na aliyeweza kufanya kazi alipewa kazi kwa kadiri ya uwezo wake.

Kwa watu wenye ulemavu wa akili alikwenda mbali zaidi. Wakati huo waliitwa kwa majina ya matusi hata katika nyaraka za serikali. Yeye aliwapa jina la wana wema, na akataka kila mtu katika nyumba ile awaite hivyo.

Wapo waliomwona kuwa mtu asiye na mpango, na hawakuwa wajinga. Cottolengo hakutaka mtaji wa akiba wala mapato ya kudumu, na hakutaka hesabu za kilichoingia na kilichotoka. Aliamini kwamba Mungu aliyewaleta wagonjwa ataleta na mkate wao. Mara nyingi ulikuja kwa mikono ya wahisani, lakini mara nyingine waliofika kwanza ni wenye madeni, wakidai kwa hasira. Ndugu na marafiki walihofia kwamba siku atakapofariki, nyumba nzima itaanguka.

Siku hiyo ilifika mapema. Mwaka 1842 homa ya taifasi iliingia Torino na kuwashambulia waliowahudumia wagonjwa. Cottolengo naye aliugua, akafariki Aprili 30, 1842 nyumbani kwa kaka yake mdogo, padri mwenzake, katika mji wa Chieri. Alikuwa na umri wa miaka 55. Nyumba haikuanguka. Kanoni Luigi Anglesio alishika uongozi, na kazi ikaendelea hadi leo. Papa Pius XI alimtangaza kuwa mtakatifu Machi 19, 1934.

Sifa hizo hazikumlinda na kejeli ya historia. Nchini Italia jina lake liligeuka kuwa neno la kawaida la kutaja makao ya watu wenye ulemavu, kisha mitaani likawa tusi. Aliyetumia maisha yake kuwaondolea watu majina mabaya, jina lake mwenyewe likafanywa baya. Mwandishi Italo Calvino naye, katika riwaya aliyoitoa mwaka 1963, alikifanya kituo cha kupigia kura ndani ya nyumba hiyo kuwa mahali pa kuhoji ni nani hasa anayeamua kwa niaba ya mtu mwenye ulemavu.

Matunda ya kazi yake yalifika pia Afrika Mashariki. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino waliwasili Kenya mwaka 1902, na mwaka uliofuata masista wa Cottolengo waliwafuata. Huko Chaaria, Meru, ndugu watawa wa shirika hilo walianzisha hospitali ya misheni, na kando yake makao ya watu wenye ulemavu wa akili.

Ni kweli kwamba dunia ya leo inadai zaidi ya makao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasisitiza kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi miongoni mwa jamii, kusoma, kufanya kazi na kuamua mambo yake. Cottolengo hakuishi kuziona sheria hizo, na baadhi ya taratibu zake zisingepita katika kipimo cha sasa.

Lakini sheria haiwezi kubisha hodi yenyewe. Wapo wazazi katika miji yetu ambao bado wanazunguka na mtoto mgongoni, shule moja ikisema haina mwalimu, nyingine ikisema haina ngazi za kumfaa, kila moja ikiwa na maelezo yake. Giovanna Gonnet hakufa kwa kukosa hospitali mjini Torino. Alikufa kwa sababu kila aliyemkataa alikuwa na kanuni ya kujitetea, na padri yule alipoona hivyo, hakwenda kuwalaumu. Alitafuta chumba, akaweka vitanda vinne.