Jeevanjee, Mwenye Bustani

Kama wewe ni mtu wa Eastlands kama mimi, bila shaka umewahi kukaa Jeevanjee Gardens. Ukiwa mjini miguu imechoka na mfukoni umebaki na nauli tu, hapo ndipo utakapokaa bila mwenye hoteli kukuuliza utaagiza nini. Lakini tukiulizwa huyo Jeevanjee alikuwa nani, wengi wetu tunabaki kukodoa macho.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka wa 1856 mjini Karachi, ambao siku hizo ulikuwa India chini ya Waingereza na leo uko Pakistan. Kwao hakukuwa na mali, na shule aliisoma kidogo tu. Alihangaika na biashara mpaka Adelaide kule Australia, kisha mwaka wa 1890 akaja Mombasa. Waingereza walipoanza kujenga reli, kampuni yake ikapewa kandarasi ya kusaidia kuleta vibarua kutoka India na kuwapatia chakula. Basi pesa zikaanza kumiminika. Vibarua walioletwa kwa jumla walizidi 31,000 na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Mimi nikisoma juu ya utajiri wa Jeevanjee nawakumbuka hao pia, maana hakuna bustani yenye majina yao.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Wakati huo hapakuwa na mji hapa, ni tope na mahema tu. Jeevanjee aliona mbali. Akachukua ploti, akajenga majumba na maofisi, na serikali yenyewe ikawa mpangaji wake! Mapema miaka ya 1900 alianzisha gazeti la African Standard kule Mombasa. Baadaye aliwauzia Wazungu, na ndilo hili Standard tunalofungia nyama buchani. Mwaka wa 1904 akajenga soko. Halafu mwaka wa 1906 akawapa watu wa Nairobi ile bustani, kama ekari tano katikati ya mji, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria.

Sasa sikiza kioja. Tajiri huyu aliyempangisha Mzungu ofisi hakuruhusiwa kupata shamba katika nyanda za juu, ati kwa sababu si Mzungu. Mwaka wa 1909 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa wa kwanza asiye Mzungu kuingia humo. Mwaka uliofuata akaenda London kulalamikia ubaguzi. Hapo nampa heko. Lakini huko huko akapendekeza Afrika Mashariki iunganishwe na India. Haki ya nani! Sisi wenyewe tuliulizwa na nani? Kumbe mtu anaweza kulilia haki yake na bado asimwone jirani aliye chini yake.

Uzeeni biashara zake zilidorora na sehemu kubwa ya mali ikapotea. Alikufa mwaka wa 1936. Yale majumba yalikwenda na wengine.

Bustani nayo ilikuwa karibu kwenda. Mwaka wa 1991 wakubwa wa jiji walitaka kujenga maduka na maegesho ya magari pale. Mjukuu wake, Zarina Patel, akakataa kata kata, akawaamsha watu, na mpango ukafa. Mwaka wa 2007 ukafufuliwa tena, na tena wananchi wakaupinga. Sisi wa estate tunajua jambo hilo linavyoanza. Uwanja wetu wa mpira ulizungushiwa mabati usiku mmoja, asubuhi tukakuta askari na mbwa, na hatukuwa na mjukuu wa mtu yeyote wa kutupigania.

Mwaka wa 2015 watu wasiojulikana waliikata kichwa ile sanamu ya Malkia. Bustani hawakuigusa. Saa ya lanchi wahubiri wanapaza sauti, wapiga picha wanatafuta wateja, na wasio na kazi wamelala chali kwenye nyasi alizowaachia Jeevanjee.