Alexander Nasmyth: Mchoraji aliyenyimwa kazi kwa sababu ya msimamo wake

ALEXANDER Nasmyth, anayetambuliwa kama baba wa uchoraji wa mandhari nchini Scotland, hakuanzia katika fani hiyo.

Alizaliwa jijini Edinburgh mnamo Septemba 9, 1758. Ujanani alifunzwa kazi ya kurembesha magari ya farasi kwa rangi, hadi Allan Ramsay, mchoraji mashuhuri wa sura za watu, alipotambua kipaji chake na kumchukua London mnamo 1774.

Aliporejea Edinburgh mnamo 1778, alijipatia riziki kwa kuchora sura za watu. Miaka minne baadaye alisafiri hadi Italia kujiendeleza, kwa fedha alizokopeshwa na Patrick Miller. Mnamo 1787 alichora sura ya rafiki yake, mshairi Robert Burns, picha inayojulikana hadi leo.

Hata hivyo, Nasmyth hakuficha kwamba aliunga mkono mageuzi ya kisiasa. Makabaila waliokuwa wateja wake walichukizwa, nao wakaacha kumpa kazi. Badala ya kuufyata ulimi, aligeukia milima, mito na makasri ya nchi yake. Alichora pia mandhari ya majukwaa ya kuigizia.

Alifundisha uchoraji nyumbani kwake. Mwanawe Patrick na mabinti zake sita walimfuata katika sanaa hiyo, ilhali mwanawe mwingine, James, alivumbua nyundo inayoendeshwa kwa mvuke.

Nasmyth aliaga dunia Aprili 10, 1840, akiwa na umri wa miaka 81. Waliokusudia kumkomoa ndio waliomsukuma kwenye fani iliyolidumisha jina lake.