Lodi Chatham: Aliyewatetea Wamarekani, Akakataa Kuwaachilia

Wapo watu ambao historia huwakumbuka kwa jambo moja, na jambo lenyewe huwa ni nusu tu ya ukweli. Mmoja wao ni William Pitt, Mwingereza aliyefahamika baadaye kama Lodi Chatham, na ambaye mji wa Pittsburgh huko Marekani umepewa jina lake. Wanafunzi wengi wa historia humjua kuwa rafiki mkubwa wa Wamarekani ndani ya Bunge la Uingereza. Ni wachache wajuao kwamba mtu huyo huyo alianguka bungeni tarehe 7 Aprili 1778, akiwa katika kupinga Wamarekani hao hao kupewa uhuru wao.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa historia. Nilimfikia Pitt kwa njia ya lugha, nilipokuwa nikifundisha juu ya usemaji wa hadharani. Siku moja mwanafunzi wangu aliinua mkono akauliza: yawezekanaje mtu aliyeshikilia kwamba Bunge halina haki ya kuwatoza Wamarekani kodi, akafa akikataa wasijitawale? Nilimjibu upesi kwamba wanasiasa ni vigeugeu, tukaendelea na somo. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, kwa maana lilikuwa jibu la mvivu. Makala haya ni jaribio la kumjibu mwanafunzi yule kama alivyostahili kujibiwa.

Pitt alizaliwa London tarehe 15 Novemba 1708. Babu yake, Thomas Pitt, alikuwa gavana wa Madras nchini India, akatajirika huko kwa biashara na hasa kwa almasi moja kubwa ambayo aliiuza kwa mtawala wa Ufaransa mwaka 1717. Kwa hivyo, ukoo huu ulipanda ngazi kwa mali ya ng'ambo, na jambo hilo lafaa tulikumbuke tunapoendelea.

Kijana huyu alisoma Eton, kisha Oxford, lakini aliondoka chuoni bila shahada kwa sababu ya ugonjwa wa jongo uliomtesa maisha yake yote. Mwaka 1735 aliingia Bungeni akiwakilisha Old Sarum, mahali palipokuwa mahame, penye wapiga kura wa kuhesabika kwa vidole, na ambapo palikuwa mali ya ukoo wake. Mwaka uliofuata alifukuzwa jeshini kwa kuisema vibaya serikali. Alipopewa wadhifa wa kusimamia malipo ya majeshi mwaka 1746, alikataa kujitajirisha kwa riba ya fedha za umma, ilhali waliomtangulia walikuwa wakifanya hivyo bila haya. Tangu hapo wananchi wa kawaida walimwona kuwa mtu wao.

Hapa yanipasa nimtahadharishe msomaji. Katika zama hizo ilikuwa ni marufuku kuchapisha mijadala ya Bunge. Yanayosemekana kuwa maneno ya Pitt, kwa sehemu kubwa, ni kumbukumbu za watu waliomsikiliza. Hotuba moja mashuhuri ya mwaka 1741, ambamo anajitetea dhidi ya waliomdharau kwa ujana wake, na ambayo vizazi vya wanafunzi vimeikariri, iliandikwa na Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, ambaye hakuwamo Bungeni siku hiyo. Johnson mwenyewe alikuja kukiri. Ndiyo sababu sitamnukuu Pitt hata mara moja. Nitaeleza msimamo wake tu, kwani huo tunaujua kutokana na kura alizopiga, miswada aliyoileta na vyeo alivyovikubali au kuvikataa.

Kilele cha maisha yake kilikuwa Vita vya Miaka Saba. Kuanzia mwaka 1757 aliviongoza vita hivyo kwa upande wa Uingereza, akiamini kwamba Ufaransa haitashindwa Ulaya bali itashindwa ng'ambo. Majeshi yake yaliteka Senegal na kisiwa cha Gorée mwaka 1758, Guadeloupe na Quebec mwaka 1759. Alijiuzulu Oktoba 1761 baada ya mawaziri wenzake kukataa vita na Hispania.

Walioshika usukani baada yake walitaka amani, na amani ilidai sehemu ya maeneo yaliyotekwa irudishwe. Tarehe 9 Desemba 1762 Pitt alibebwa hadi Bungeni akiwa mgonjwa, akahutubia kwa zaidi ya saa tatu, mara amesimama, mara ameketi kwa idhini ya wabunge. Alipinga kurudishwa kwa Guadeloupe, Martinique na Gorée, na alipinga Wafaransa kuachiwa haki za uvuvi kule Newfoundland. Alishindwa vibaya: kura 319 zilikubali mapatano, 65 zikayakataa.

Tujiulize, je, katika saa hizo zaidi ya tatu ni nini kilichokuwa kikipimwa? Ilikuwa ni sukari, samaki, gundi na watumwa. Gorée ni kisiwa kidogo kilicho mkabala wa Dakar ya leo, na mataifa ya Ulaya yalikigombania kwa ajili ya biashara, ikiwemo biashara ya kuwauza Waafrika. Guadeloupe ilistawi kwa jasho la watumwa mashambani. Mmoja wa wandani wa Pitt, William Beckford, alikuwa na mashamba makubwa ya miwa na watumwa wengi kule Jamaica. Waliotaka kuvirudisha visiwa na waliotaka kuvibakiza walitofautiana juu ya faida tu. Hakuna upande uliouliza wakazi wa visiwa hivyo walitaka nini. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Sasa tuje Marekani. Mwaka 1765 Bunge lilipitisha Sheria ya Stempu ili kuwatoza kodi walowezi wa makoloni. Januari 1766 Pitt alisimama na kushikilia kwamba Bunge lina mamlaka juu ya makoloni katika sheria, biashara na ubaharia, lakini kodi ni zawadi itolewayo na watu kupitia wawakilishi wao, na Wamarekani hawakuwa na mwakilishi yeyote Bungeni. Mtu aliyeingia Bungeni kwa kura chache za Old Sarum alijua vyema jinsi uwakilishi unavyoweza kuwa kiini macho. Sheria ile ilifutwa Machi 1766. Hata hivyo, Bunge lilipitisha papo hapo sheria nyingine ya kutangaza kwamba lina uwezo wa kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote bila kubakisha.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mwanafunzi wangu. Kwa Pitt, kutoza kodi na kutawala yalikuwa mambo mawili mbalimbali. Aliwatambua Wamarekani kuwa na haki zote za Waingereza kwa sababu aliwahesabu kuwa Waingereza. Alipowatetea hakuwa akiufungua mlango ili watoke, bali alikuwa akitengeneza nyumba ili wakae. Hakuwa kigeugeu. Msimamo wake wa mwaka 1766 na ule wa 1778 ulikuwa mmoja, ila dunia ilikuwa imebadilika chini ya miguu yake.

Bahati mbaya, alipopata tena nafasi ya kuuziba ufa, hakuuziba. Mfalme alimwita kuunda serikali Julai 1766, naye akakubali cheo cha ulodi, akahamia Baraza la Malodi na kuwavunja moyo waliompenda kama mtu wao. Maradhi ya mwili na ya akili yakamfungia chumbani. Mwaka 1767, serikali ikiwa bado ni yake kwa jina, waziri wake wa fedha, Charles Townshend, aliwatoza Wamarekani ushuru mpya, ikiwemo ushuru wa chai. Chatham alijiuzulu Oktoba 1768.

Alirudi kujaribu kuujenga ukuta wakati nyumba ilikwisha kuinama. Januari 1775 alipendekeza majeshi yaondolewe Boston. Tarehe 1 Februari alileta mswada wa suluhu, ukakataliwa kwa kura 61 dhidi ya 32. Novemba 1777 aliwaonya wenzake kwamba Marekani haiwezi kushindwa kwa vita, na kabla mwaka haujaisha habari za kusalimu amri kwa jeshi la Uingereza kule Saratoga zikafika London.

Februari 1778 Ufaransa iliungana na Wamarekani. Duke wa Richmond, mpinzani wa vita kama Chatham mwenyewe, alihitimisha kwamba yafaa majeshi yaondoke na uhuru ukubaliwe. Chatham hakuweza kulistahimili hilo. Tarehe 7 Aprili aliingia akishikiliwa na mwanawe William na mkwewe, akazungumza kwa shida dhidi ya kuikata dola vipande mbele ya Ufaransa, adui aliyemshinda zamani. Richmond alimjibu kwa heshima akiuliza vita hivyo vitashindwaje. Chatham alijaribu kuinuka ajibu, akaanguka. Alifariki tarehe 11 Mei 1778.

Uhuru wa Marekani ulitambuliwa kwa mkataba wa 3 Septemba 1783. Na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mapatano ya amani yalipopingwa vikali Bungeni Februari 1783, mmoja wa mawaziri waliosimama kuyatetea alikuwa William Pitt mdogo, yule yule mwana aliyemshika baba yake mkono siku ile. Serikali ilishindwa katika kura na kuanguka, lakini uhuru haukurudi nyuma. Kabla mwaka huo haujaisha, mwana alikuwa Waziri Mkuu akiwa na umri wa miaka 24.

Je, sisi twapata funzo gani? Mabunge yamejadili mara nyingi iwapo yaachilie eneo fulani la ng'ambo. Mwaka 1890 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuikabidhi Ujerumani kisiwa cha Heligoland, katika mapatano yale yale yaliyoifanya Ujerumani iachie madai yake juu ya Witu, katika Lamu yetu. Watu wa Heligoland hawakuulizwa, wala wa Witu. Mwaka 2025 Uingereza ilipotia saini mkataba na Mauritius kuhusu Visiwa vya Chagos, upinzani mkali ulizuka tena Bungeni London, huku Wachagosi, walioondolewa visiwani kati ya 1968 na 1973, wengi wao wakilalamika kwamba hawakushirikishwa.

Katika Kiswahili tuna neno enzi. Neno hilo hubeba utukufu wa atawalaye, lakini halisemi lolote juu ya ridhaa ya atawaliwaye. Chatham alielewa kwamba kodi haina budi kuwa na ridhaa. Hakupiga hatua ya pili, ya kukubali kwamba enzi nayo haina budi kuwa nayo. Umbali kati ya hatua hizo mbili ulimgharimu uhai wake, na uligharimu maisha ya maelfu ya watu vitani.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tunapowasomesha vijana hotuba za wakuu juu ya ardhi na mipaka, tuwafundishe kutafuta jina la yule ambaye hakutajwa katika hotuba. Na wewe mwanafunzi uliyeniuliza swali lile, popote ulipo, niwie radhi kwa kuchelewa.