Tumsikilize Tena Siti binti Saad

Miongoni mwa muziki wa kale tunaousikiliza siku hizi, tumeona ni wajibu wetu kuwakumbusha wasomaji taarab ya Siti binti Saad. Sahani zake za santuri zimejaa mikwaruzo, lakini sauti ingali hai, na ina neno kwa mwananchi na kwa mtumishi wa serikali pia.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa hali ya chini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti akaishika kazi hiyo na kuchukua vyungu kwenda kuuza mjini. Elimu ya skuli hakuipata. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na Ali Muhsin, kisha akashirikiana na mafundi kama Subeti bin Ambar, Mbaruku na Maalim Shaaban.

Tangu enzi ya Sultani Barghash taarab ilikuwa fahari ya jumba la kifalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akawafikishia watu wa Ng'ambo kile kilichokuwa cha wakubwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Kufikia mwaka 1931 santuri zao zipatazo 72,000 zilikuwa zimekwisha kununuliwa.

Siti hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mgeni wa kike aliyeuawa, muuaji akakimbilia bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mnyonge asiyeweza kumjibu hakimu barazani aliusikia uchungu wake ukiimbwa hadharani. Hapa pana funzo kwa kila mwenye madaraka: yasiyosemwa ofisini husemwa ngomani, na kiongozi mwenye busara hutega sikio kabla ya kutoa amri.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa kitabu hicho maisha yake yamehifadhika. Sauti yenyewe haina dhamana kama hiyo. Santuri za zama zile huvunjika upesi kama vyungu vya Fumba. Lakini chungu kikivunjika hufinyangwa kingine, ilhali sauti ya marehemu haifinyangwi tena.

Kwa hiyo tunawaomba wenye santuri hizo majumbani, Unguja na Pemba, wasiziache zikaliwa na vumbi, bali wakubali zinakiliwe. Nao wenye dhamana ya utamaduni tunawasihi wasingoje kuombwa. Wawafuate wazee hao kwa heshima, wanakili kilichopo, na kuwarudishia mali yao ikiwa salama. Taifa linalojivunia Kiswahili halina udhuru wa kumpoteza aliyekiimba hadi ng'ambo ya bahari.